Maji Yaliyotibuliwa

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imekunjwa mara nne, na wino wake wa buluu ulikuwa umekwisha kupauka. Niliikuta ndani ya Biblia ya mama yangu mwaka 2016, siku ya tatu baada ya kumzika, tulipokuwa tukigawana vitu vyake vichache pale Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Aliyeiandika ni mimi. Tarehe yake ni ya Julai 1994. Kwa kuwa nina ugonjwa wa kutafuta maana katika kila jambo, nilitazama kwanza ilikuwa imewekwa ndani ya kitabu gani. Zaburi? Ayubu? Hapana. Ilikuwa mwanzoni kabisa, kwenye ukurasa wenye orodha ya vitabu, mahali ambapo mtu huweka karatasi ili isipotee, basi.

Najua kwamba wengi wa wasomaji wa kurasa hizi si Wakristo, na sikukusudia kumhubiria mtu. Naileta habari hii kwenu kwa sababu ni habari ya maneno, na maneno yenyewe ni ya kwenu: huzuni, amani, faraja, sala. Yote manne yalivuka bahari kabla hayajapanda milima kufika kwetu. Kisha ni habari ya kosa langu. Sisi washairi tuna desturi ya kuungama ndani ya beti, ambamo hapana ajuaye nani kamkosea nani. Nathari haina maficho hayo.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Mgeni wa sehemu zile afahamu kwamba Mbinga iko juu, penye baridi na ukungu, katika nchi ya Wamatengo wanaolima miteremko kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki ili mvua isishuke na udongo. Ziwa liko chini. Siku hizi pana lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita sitini na kitu, na mtu hushuka akilala usingizi garini. Zamani zile ulishuka juu ya magunia, ukishikilia kamba kwa mikono miwili, kisha kutoka Mbamba Bay ukatafuta namna ya kufika Liuli. Mama yangu alikuwa mtoto wa ngoro. Aliolewa akashushwa ziwani akiwa msichana, na hakujifunza kuogelea mpaka anakufa.

Upepo mnaouita kusi hapa Unguja una ndugu yake kule ziwani, huitwa mwera. Huvuma kutoka kusini-mashariki, mkali zaidi kati ya Mei na Agosti, na huweza kuliinua ziwa zima katika muda wa mtu kumaliza kula. Kahawa nayo huiva miezi ileile. Hivyo msimu ambao watu wa mlimani hushika fedha ndio msimu ambao watu wa pwani hufiwa. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka na wenzake wawili usiku wa giza, usiku usio na mwezi, kwa kuwa usipa huvuliwa kwa taa. Mwenzake mmoja alifika nchi kavu akiwa ameng'ang'ania ubao. Wa pili alitupwa ufukoni siku ya tatu. Mdogo wangu hakuonekana tena.

Habari ililetwa mizanini na dereva wa lori. Sikushuka. Sababu nilikuwa nazo: foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, fedha zilikuwa zimefika, karani mwenzangu alikuwa mgonjwa, njia ilikuwa mbaya. Zote zilikuwa za kweli, na hata ukizijumlisha hazitoshi. Badala ya kwenda niliandika barua, nikampa dereva yuleyule pamoja na fedha kidogo na kilo mbili za sukari.

Wakati ule nilikuwa nimeshikwa na Biblia kama vijana wengine walivyoshikwa na mpira. Nilikuwa naijua kwa moyo zaidi ya nilivyoielewa. Katika barua nilimwandikia mama aya tatu. Ya kwanza ni ile ya Wafilipi, sura ya nne, ambapo Paulo anawazuia watu kujisumbua na kuwaambia wampelekee Mungu haja zao zote kwa sala, kisha anaahidi amani inayopita akili za watu. Ya pili ni ya Yohana kumi na nne, Yesu akiwaachia wanafunzi amani yake na kuwakataza kufadhaika. Ya tatu ni ya Wathesalonike wa Kwanza, sura ya nne, kuhusu kuhuzunika kwa wasio na tumaini. Baada ya aya hizo nikaongeza sentensi moja ambayo mitume hawahusiki nayo, ni yangu mwenyewe. Nilimwambia mama kwamba mtu aliyekwisha kuomba, kisha bado analia, huyo hajaomba.

Dada yangu ndiye aliyemsomea. Alinieleza baadaye, kwa shida, kwamba mzee mmoja wa kanisa alikuwapo matangani, akaipenda sana barua, akaomba aisome mwenyewe mbele ya watu. Alipofika kwenye aya ya Wathesalonike alisoma mpaka neno la kuhuzunika, akavuta pumzi, akawatazama akina mama mmoja mmoja, ndipo akamalizia yale ya wasio na tumaini. Kwa pumzi ile moja alikuwa ameweka nukta ambayo Paulo hakuiweka. Paulo alisema watu wake wasihuzunike namna ile ya wasiotumaini. Mzee alisema wasihuzunike. Akamgeukia mama akamwambia, kwa upole, nina hakika, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya: "Mama, unamlilia nani sasa? Umekwisha kuomba. Mwachie Bwana."

Mama akamjibu, "Baba, ningekuwa sina imani ningelia kimyakimya. Ninapiga kelele kwa kuwa najua yupo anayesikia."

Wakasema amechanganyikiwa kwa msiba. Wakamwombea.

Nilihamia Unguja mwaka 1997, na kazi niliyoipata, baada ya nyingine ambazo hazina haja ya kutajwa, ni ya kutafsiri. Nimetafsiri karatasi za dawa ya minyoo, masharti ya hoteli, mikataba ya nyumba, na usiku, kwa raha yangu, mashairi. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiyunani nilijifunza mwenyewe, kwa miaka sita, kwa Agano Jipya lililouzwa pamoja na vitabu vya marehemu mmoja na kamusi isiyo na jalada. Sijioni mtaalamu. Nasema hivi ili wataalamu wakinikuta nimeteleza wanisahihishe bila kunihurumia.

Kilichonipeleka kwenye Kiyunani ni ile barua, ingawa wakati ule sikujua kama bado ipo. Nilitaka kujua nilimpelekea mama kitu gani.

Nilianza na Wafilipi. Ni waraka mfupi, sura nne tu, mtu huumaliza kabla chai haijapoa. Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Na jambo lililonishangaza halikuhitaji Kiyunani hata kidogo. Lilikuwa wazi katika Kiswahili miaka yote, ila mimi nilikuwa msomaji wa aya na sikuwa nimepata kuusoma waraka. Katika sura ya pili Paulo anamtaja Epafrodito, mtu aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia, akaugua hata akakaribia kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia mgonjwa, na yeye Paulo pia, asije akapata huzuni mpya juu ya ile aliyokuwa nayo. Kisha anasema anamrudisha kwao ili wao wafurahi na yeye huzuni yake ipungue. Ipungue! Hakusema iishe. Huyu ndiye atakayesema, kurasa mbili mbele, watu wasijisumbue kwa lolote. Na katika sura ya tatu, kabla hajafika huko, anaandika machozi yakimtoka.

Nilipoingia katika Kiyunani chenyewe nikakuta zaidi. Neno analolitumia Paulo kukataza kujisumbua katika sura ya nne ndilo hilohilo alilolitumia katika sura ya pili kumsifu Timotheo, kwamba hana mwingine mwenye kuwahangaikia Wafilipi kwa kweli kama yeye. Katika Wakorintho wa Pili, sura ya kumi na moja, jina litokanalo na neno hilo ni mzigo unaomlemea Paulo kila siku kwa ajili ya makanisa. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952 tunayoisoma wengi wetu, wakaona wayatenge: lile baya wakaliita kujisumbua, na haya mazuri wakayaita kuangalia na maangalizi. Mimi kama mtafsiri nawaelewa, pengine ningefanya vivyo. Lakini kwa kufanya hivyo walituficha kwamba Paulo alikuwa mtu mmoja mwenye moyo mmoja, na kwamba moyo uliokatazwa kuhangaika ndio uleule uliosifiwa kwa kuhangaikia watu.

Yohana ndiye aliyenimaliza. Katika sura ya kumi na nne Yesu anawakataza wanafunzi kufadhaika mioyo, mara mbili, mwanzoni na karibu na mwisho. Nikafuata neno hilo nyuma, kama mtu afuatavyo nyayo mchangani. Sura ya kumi na tatu, jioni hiyohiyo, mezani hapohapo, Yesu mwenyewe amefadhaika rohoni kwa ajili ya msaliti. Sura ya kumi na mbili, anakiri kwamba roho yake imefadhaika, na kwa sauti anajiuliza aombe nini. Sura ya kumi na moja, mbele ya watu wanaomlilia Lazaro, amefadhaika, kisha akalia na yeye. Neno ni moja mahali pote, na hapa sifa ni ya watafsiri wetu, maana hawakulibadilisha. Basi anayewakataza ndiye aliyefanya. Na wala hakufanya zamani akapona: alifanya muda mfupi tu kabla ya kuwakataza, na chakula bado kipo mezani.

Nikaendelea kurudi nyuma mpaka sura ya tano, nikasimama. Pale pana birika la Bethzatha na mgonjwa wa miaka thelathini na minane, anayelalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa. Kutibuliwa huko, kwa Kiyunani, ni neno lilelile: tarasso. Katika lugha ile, moyo unaofadhaika na maji yanayotibuka havina majina mawili.

Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa hapo. Mtu wa baharini pia, nadhani. Kiswahili chetu kinasema bahari imechafuka, na mwenye kuumwa husema moyo unamchafuka. Niliwahi kujaribu, kwa ajili yangu tu, kuitafsiri upya aya ile ya kumi na mbili, nikaandika kwamba roho imetibuka. Rafiki mmoja, mshairi wa hapa mjini, akacheka: "Bwana wee, huyu mtu wako sasa ana hasira. Kilichotibuka ni nyongo." Nikaifuta. Lakini nilikwenda nyumbani nikifikiri, kwa kuwa kule kaburini kwa Lazaro pana neno jingine sambamba na hilo, na wako wafasiri wanaosema kwamba lina harufu ya ghadhabu. Labda rafiki yangu aliitafsiri vizuri kuliko alivyojua.

Nilipitia hapo kwenye suala la maneno ya asili ya Kiarabu, maana haliepukiki. Biblia nzima ya kwanza kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na msingi wake uliwekwa hapa na Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya altare ya Mkunazini, juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa. Yeye hakuona haya kutumia maneno aliyoyasikia mitaani. Baadaye Mjerumani Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Namheshimu kwa bidii, ila nadhani alikosea. Neno likishafiwa nasi halina ugeni tena. Mama yangu hakujua neno moja la Kiarabu, na huzuni ilikuwa yake.

Jirani yangu wa Ng'ambo, mwalimu mzee wa madrasa ambaye sasa ni marehemu, alinikuta barazani siku moja na vitabu vyangu, akauliza ninachohangaika nacho. Nikamweleza: vipi kitabu kimoja kimkataze mtu huzuni, kisha kionyeshe manabii wake wakihuzunika? Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwa walimu. Akasema, "Mwanangu, nenda kamtazame Nabii Yaakub katika Sura ya Yusuf. Alipopotelewa na mwanawe alisema nini?" Nikajibu kwamba alisema subira iliyo njema. "Ehe. Na kisha macho yake yalikuwaje?" Yaligeuka meupe kwa huzuni. "Wanawe walipomlaumu?" Aliwajibu kwamba masikitiko yake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mzee akaweka mkono juu ya goti langu. "Basi. Mtu yuleyule, kisa kilekile. Subira aliyoisema hakuivunja kwa machozi. Nani aliyekwambia kwamba subira ni kutolia?"

Sikumwambia kwamba niliyemwambia mtu hivyo ni mimi.

Wako wanaosuluhisha migongano hii kwa njia nyepesi, nami nimezisoma nyingi. Wengine wanasema huzuni ya Gethsemane ilikuwa ya mwili tu, roho ilikuwa imetulia; lakini Mathayo na Marko wanasema nafsi yake ndiyo iliyohuzunika, kiasi cha kufa. Wengine wanasema mwamini hupanda ngazi: chini huzuni, juu amani, na anayelia bado yuko ngazi za chini. Kwa hesabu hiyo Yesu alishuka ngazi usiku wa mwisho wa maisha yake. Wengine wanasema sala ya kweli hujibiwa. Hao naomba wasome Waebrania, sura ya tano, panaposemwa kwamba Yesu aliomba kwa kulia sana na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na mauti, na kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa, na akafa. Mwandishi wa waraka ule anayaweka mambo hayo karibu karibu bila kuomba radhi. Na iko Zaburi ya 88, inayoanza kwa kumlilia Mungu na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa mwisho ambao zaburi nyingine za maombolezo aghalabu huwa nao. Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaiacha ilivyo.

Sisi watu wa Liuli tulipaswa kujua haya kuliko wengine. Mwaka 1876 vijana wawili Waingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu walifika Unguja, William Percival Johnson na Chauncy Maples. Johnson alikaa ziwani karibu maisha yake yote, akawa karibu kipofu, akaitafsiri Biblia kwa Kinyanja hata ikachapishwa mwaka 1912, akafa Liuli mwaka 1928. Tulipokuwa watoto tulioneshwa kaburi lake. Maples aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma mwaka 1895, akafunga safari ya kurudi kwa watu wake, na mwezi wa Septemba, usiku, upepo ukaipindua mashua yake ziwani, akazama. Askofu alikuwa njiani kwenda kazini kwa Mungu wake. Sidhani kama sala zilipungua katika mashua ile. Meli waliyoipa jina lake ilianza kazi ziwani mwaka 1901, na wazee wetu waliipanda bila mtu kuuliza kama mwenye jina alikuwa na imani haba. Kwa askofu hatukuuliza. Kwa mvuvi wa miaka kumi na tisa na mama yake tuliona tunayo ruhusa.

Hata hivyo siwezi kuitupa ile aya ya Wafilipi. Ingekuwa rahisi kusema Paulo alikuwa akiwaandikia watu wengine, wa siku nyingine. Aliahidi kitu, na kitu hicho ama kipo ama hakipo. Nadhani nilipokosea mimi ni katika neno la amani. Mimi nilisoma amani, nikaelewa shwari. Shwari ni neno la mabaharia, na watafsiri walilitumia vizuri sana katika Marko sura ya nne, pale Yesu anapoamshwa chomboni akaukemea upepo. Siku ile ziwa la Galilaya lilipata shwari. Lakini usiku ule wa Yohana kumi na nne upepo haukukemewa. Walikuja watu na taa na silaha, wakamchukua. Aliyoiacha mezani ilikuwa amani, na shwari haikuwapo. Na kule Wafilipi, neno tunalolisoma kuwa amani itahifadhi mioyo ni neno la kiaskari, la kikosi kilichowekwa kuulinda mji. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi, lililoanzishwa kwa askari wastaafu. Walimwelewa bila kamusi. Na kikosi cha kulinda mji huwekwa mahali ambapo adui anatarajiwa.

Kama mama aliipata amani hiyo, siwezi kuapa. Najua alichofanya. Kwa majuma kadhaa alishuka ufukoni kila alfajiri kumtafuta mwanawe. Kisha akaacha kushuka kila alfajiri, akawa anashuka Jumamosi. Kanisani hakukosa, ila aliacha kukaa upande wa yule mzee. Alimpokea mtoto wa yule mwenzake mdogo wangu aliyetupwa ufukoni, akamlea pamoja na wajukuu zake. Na kwa miaka ishirini na mmoja hakunitajia barua. Nilipokwenda kumwona kwa mara ya kwanza baada ya msiba, ilikuwa Desemba, miezi mitano imepita, alinipikia, akaniuliza bei ya kahawa.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu ni mwaka 2015. Macho yake yalikuwa yamepungua, akapenda kusomewa jioni, uani, kabla mbu hawajaanza. Nilichagua Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza, kwa makusudi, kwa kuwa nilikuwa nimeifikiria sana. Ni habari ya Hana asiye na mtoto. Anaomba kwa uchungu wa moyo, analia sana, midomo inacheza bila sauti, na kuhani Eli anamdhania mlevi, anamkaripia. Naam, mtu wa dini haoni tofauti kati ya mlevi na mwenye kuomba! Hana anamjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, ameimimina nafsi yake mbele za Bwana. Eli, kwa sifa yake, anageuza maneno palepale na kumtakia amani. Hana anakwenda zake, anakula, na uso wake haukunjamani tena. Nilikuwa nimetayarisha la kusema: kwamba sala na huzuni na amani zote ziko hapo katika mwanamke mmoja, siku moja, na kwamba alipokula bado hakuwa amepewa kitu, hana mimba wala uhakika. Nilitaka kumwambia hayo, kisha, kwa mlango huo, niiombee msamaha barua yangu.

Mama alinizuia kabla sijafika. "Alikula nini?"

Nikatazama. "Haikuandikwa, mama."

"Waandishi hawa," akasema. Akanyamaza kitambo. Ziwa lilikuwa likisikika kwa mbali, siku ile halikuwa na neno. "Mimi nilikula siku ya tisa. Mama wa pale kwa fundi aliniletea ugali wa muhogo na usipa. Nikala. Nikaona ni mtamu." Akajifuta mdomo kwa upande wa khanga, kana kwamba ametoka kula sasa hivi. "Nikaona haya sana, mwanangu. Usipa, na mtoto yuko humohumo majini. Na mtamu. Nikamwambia Mungu, hivi wewe unanifanyia nini? Nikala mpaka nikamaliza."

Sikuwa na la kusema. Yale niliyotayarisha yalikuwa yamenitoka.

"Barua yako nilisomewa mara mbili," akasema. "Ya kwanza na yule mzee. Ya pili nilimwambia dada yako anisomee mwenyewe, polepole, nisikie kama umeuliza alikuwa amevaa nini."

Nikamwuliza mdogo wangu alikuwa amevaa nini.

"Shati lako," akasema. "Lile la mistari, uliloliacha."